Uchambuzi wa kisa: monita za mtumba zilizoshindwa kujitambulisha

Usuli

Shule hii ni ya sekondari, ya kutwa, pwani ya Tanzania. Jina lake, majina ya walimu na aina za mashine nimeviondoa. Chumba cha kompyuta kina mashine 20, zote za mtumba, zilizoletwa kama msaada kwa awamu mbili. Monita 14 ni bapa za inchi 17, zile zinazokaribia mraba, zenye pikseli 1280 kwa 1024. Tano ni za chogo za inchi 17, na moja ni ya chogo ya inchi 15, kongwe kuliko nyingine zote. Kila moja inapokea picha kwa kebo ya VGA, aina ya zamani ya kebo ya monita.

Niliitwa kuondoa mfumo wa Linux uliokuwa umeacha kupata masasisho na kuweka mpya. Zilikuwa zimebaki wiki tatu kabla ya mtihani wa utamilifu wa kidato cha nne, na somo la kompyuta lina sehemu ya vitendo. Mwalimu wa somo alinikabidhi funguo siku ya Ijumaa. Jumapili jioni mashine zote 20 zilikuwa na mfumo mpya.

Kabla ya kufuta diski sikuangalia kulikuwa na nini ndani ya folda ya `/etc/X11`, ambamo Linux huweka mipangilio ya picha ya kioo. Mengi yaliyofuata yalianzia hapo.

Jumatatu asubuhi

Wanafunzi walipoketi, malalamiko yalikuwa ya aina mbili. Waliokuwa kwenye monita bapa walisema maandishi yamefifia kingo, kama yamelowa. Waliokuwa kwenye chogo walisema picha inatetema na kichwa kinauma. Mwalimu aliniita pembeni: "Fundi, juzi watoto walikuwa wanasoma vizuri. Leo umefanya nini?"

Swali lilikuwa la haki. Nilifungua amri ya `xrandr`, inayoorodhesha ukubwa wa picha unaopatikana, kwenye mashine ya kwanza, na orodha ilikuwa fupi: 1024x768, 800x600, 848x480, 640x480. Ukubwa wa 1280x1024 haukuwepo kabisa. Nilizunguka mashine nyingine, na kwa nyingi orodha ni ileile.

Anayefanya kazi na Linux ataitambua orodha hiyo. Ndiyo inayotolewa na mfumo pale ambapo monita haikusema chochote kuhusu nafsi yake. Kompyuta inajua kuna kitu kimechomekwa ila haijui ni kitu gani, basi inachagua ukubwa wa tahadhari usiozidi 1024 kwa 768, kwa 60 Hz, yaani picha 60 kwa sekunde. Monita bapa yenye pikseli 1280 ikipewa picha ya 1024 inalazimika kuivuta, na pikseli moja ya picha haiangukii tena juu ya pikseli moja ya kioo. Ule ukungu wa kingo unatoka hapo. Monita ya chogo nayo haina pikseli za kudumu, kwa hiyo ukubwa wowote unaikaa vizuri, lakini 60 Hz kwenye chogo macho ya vijana wengi huiona inapepesa.

Kutafuta chanzo

Monita za tangu katikati ya miaka ya 1990 hubeba cheti kidogo cha baiti 128 kiitwacho EDID. Ndani yake kuna ukubwa wa kioo, masafa inayoyamudu na vipimo vya picha inayoipendelea. Kompyuta hukisoma kwa kupitia pini mbili za VGA, ya 12 na ya 15. Rangi hupita pini ya 1, 2 na 3, na mapigo ya kulandanisha hupita ya 13 na ya 14. Kwa hiyo kebo inaweza kukosa nyaya za 12 na 15 na bado picha ikaonekana. Mtumiaji hatajua kuna kilichokosekana.

Nilihesabu baiti kwenye mashine ya kwanza:

`wc -c < /sys/class/drm/card0-VGA-1/edid`

Jibu: 0. Nikaazima kebo ya kompyuta ya ofisi ya mkuu wa shule, nikachomeka monita ileile, nikarudia amri. Jibu: 128. Orodha ya `xrandr` ikajaa, na 1280x1024 ikawa juu kabisa. Kisha nikachukua mita na kupima kebo za chumbani pini kwa pini. Kati ya kebo 20, kebo 17 hazikuwa na mawasiliano kwenye pini ya 12 wala ya 15. Pini zenyewe zilikuwepo kwenye kichwa cha kebo. Waya ndani ndio haukuwepo.

Basi kwa nini zamani ilifanya kazi? Mwalimu alikuwa na nakala ya diski moja aliyoihifadhi kwenye kabati. Ndani yake nilikuta faili ya `xorg.conf` iliyoandikwa kwa mkono na fundi aliyenitangulia, na vipimo vya monita vimeandikwa humo. Kebo zilikuwa mbovu tangu mwanzo. Yeye aliligundua tatizo, akalitibu, akaondoka bila kuacha maelezo. Mimi nilikuja nikaifuta dawa bila kujua kuna ugonjwa.

Kebo au mipangilio

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa kununua kebo 17 zilizo kamili, ambayo ndiyo tiba yenyewe. Ya pili ilikuwa kuandika vipimo kwa mkono katika kila mashine, kama alivyofanya mwenzangu.

Mwalimu alinijibu moja kwa moja: "Fedha ya kebo zote hizo hatuna mpaka muhula ujao. Na mtihani hautungoji." Tulikubaliana mipangilio kwanza na kebo baadaye. Uamuzi huo naona bado ulikuwa sahihi. Makosa yalikuja kwenye utekelezaji, na yalikuwa yangu.

Jaribio la kwanza: milia 18

Ishara ya VGA haibebi pikseli. Inabeba volti tatu zinazopanda na kushuka, na mapigo mawili: moja linalosema mstari umekwisha, jingine linalosema picha nzima imekwisha. Kila mstari una sehemu inayoonekana, kisha giza kidogo, kisha pigo, kisha giza tena. Wanafunzi niliwafundisha kuyaita magiza hayo baraza ya mbele na baraza ya nyuma: chumba ni picha, na baraza ni nafasi ya nje ambayo nyumba inaihitaji ingawa hakuna anayelala pale. Kwenye chogo, muda huo ndio boriti ya elektroni inautumia kurudi kushoto. Kwenye monita bapa hakuna boriti, lakini baraza limebaki, na monita inalitumia kujua picha inaanzia wapi.

Vipimo hivi vyote huandikwa katika mstari mmoja uitwao Modeline. Iko amri inayokukokotolea, `cvt`. Niliandika `cvt 1280 1024 60` nikapata:

`109.00 1280 1368 1496 1712 1024 1027 1034 1063 -hsync +vsync`

Namba ya kwanza ni kasi ya pikseli kwa MHz. Nne zinazofuata ni za mlalo: pikseli 1280 zinazoonekana, pigo linaanza kwenye 1368, linaisha kwenye 1496, na mstari mzima una 1712. Nne nyingine ni za wima kwa mtindo huohuo. Mwishoni ni mwelekeo wa mapigo, hasi au chanya. Ukigawa 109,000,000 kwa 1712 unapata mistari 63,668 kwa sekunde, yaani karibu 63.7 kHz. Ukigawa tena kwa 1063 unapata 59.9 Hz. Hesabu haina kosa.

Niliongeza vipimo hivyo kwa `xrandr --newmode` na `--addmode`, nikaviwasha. Picha ilikuja, ukubwa ni 1280x1024, lakini imesogea kushoto. Ukingo wa kushoto ulikatwa, na kulia kulibaki ukanda mweusi. Maandishi yalikuwa safi sehemu fulani na yamevurugika sehemu nyingine. Nilijaza kioo kwa mistari ya wima, mweusi na mweupe, pikseli moja moja, na pale tatizo likajichora lenyewe: milia ya ukungu iliyosimama wima, nikaihesabu, 18.

Nilibonyeza kitufe cha kujirekebisha kilicho chini ya monita. Nikiwa kwenye dirisha jeupe, monita nyingi zilijiweka sawa. Nikiwa kwenye ukurasa wa kuingilia ambao ni mweusi, zilizidi kupotea, kwa sababu monita hutafuta kingo za picha kwa kuangalia mwanga unaanzia wapi, na kwenye giza hakuna kingo za kuona. Na mwanafunzi hawezi kutakiwa abonyeze kitufe kila asubuhi.

Namba ambazo monita inazijua

Ilinichukua jioni nzima kuelewa ile 18 inatoka wapi. Monita bapa ikipokea VGA lazima ikate kila mstari vipande vya pikseli yenyewe, na haielezwi ni vipande vingapi. Inaweza kuhesabu mistari, kupima masafa na kuona mwelekeo wa mapigo. Kwa dalili hizo hutafuta kwenye jedwali ililotiwa kiwandani, inachagua kipimo kinachofanana zaidi, kisha inakata kwa idadi iliyomo humo.

Jedwali hilo hufuata viwango vya VESA, shirika linalopanga viwango vya monita, na kipimo cha VESA cha 1280x1024 kwa 60 Hz ni hiki:

`108.00 1280 1328 1440 1688 1024 1025 1028 1066 +hsync +vsync`

Mstari mzima hapa una pikseli 1688, siyo 1712. Tofauti ni 24. Monita ilikuwa inaukata kwa 1688 mstari niliourefusha hadi 1712, kwa hiyo ilikuwa inateleza pikseli 24 kila mstari. Sehemu inayoonekana ni 1280 kati ya 1712, na 24 ukiipunguza kwa uwiano huo unabaki na 17.9. Hiyo ndiyo milia yangu 18. Nakumbuka nilivyoandika jibu hilo kwenye daftari nikafurahi kweli, maana kwa mara ya kwanza siku hiyo kioo na karatasi vilisema jambo moja.

Amri ya `cvt` haikukosea. Inafuata kanuni mpya zaidi, iliyokuja baada ya kipimo cha 1280x1024 kuwa kimeshazoeleka, na inatoa majibu yake kwa ukubwa wowote utakaoitajia. Hata urefu wa pigo la wima inaupanga kwa umbo la kioo: mistari 4 kwa kioo cha 4:3, mistari 7 kwa kioo cha 5:4 kama hizi zetu. Kwa monita mpya inayokubali chochote hilo halina shida. Kwa monita ya mtumba iliyotoka kiwandani na jedwali fupi, unapaswa kuipa namba zilizomo kwenye jedwali lake.

Niliweka kipimo cha VESA. Picha ilikaa katikati, milia ikatoweka, kwenye monita zote 14, bila kugusa kitufe.

Wakati wa majaribio nilitumia kinga moja ambayo naipendekeza kwa kila mtu. Amri ya kuwasha kipimo kipya niliifuatisha na ya kurudisha cha zamani baada ya sekunde 15:

`xrandr --output VGA-1 --mode mpya; sleep 15; xrandr --output VGA-1 --mode 1024x768`

Kioo kikiwa cheusi, unasubiri tu.

Monita iliyolia

Mipangilio ya `xrandr` hupotea mashine ikizimwa. Ili ibaki, niliandika faili ndani ya `/etc/X11/xorg.conf.d`:

```
Section "Monitor"
  Identifier "VGA-1"
  HorizSync 30-83
  VertRefresh 56-76
  Modeline "1280x1024_vesa" 108.00 1280 1328 1440 1688 1024 1025 1028 1066 +hsync +vsync
  Option "PreferredMode" "1280x1024_vesa"
EndSection
```

Mistari ya HorizSync (masafa ya mlalo ya monita, kwa kHz) na VertRefresh (masafa ya wima, kwa Hz) ina kazi ya ulinzi. Xorg, programu inayochora picha kwenye kioo, ikikosa EDID hukisia masafa madogo ya tahadhari, na kipimo kinachozidi hapo hukikataa na kuandika kwenye kumbukumbu yake `hsync out of range`. Niliweka 30-83 kwa sababu ndiyo iliyoandikwa nyuma ya monita bapa.

Kisha nikaisambaza faili hiyo kwa mashine zote 20 kwa mkupuo mmoja, kupitia mtandao wa ndani. Nilikuwa na orodha ya mashine zenye monita za chogo. Nilipanga kuzibadilishia faili mchana, kabla ya kipindi. Lakini kipindi kilisogezwa mbele, wanafunzi wakaingia, wakawasha.

Zile tano za inchi 17 ziliipokea picha. Lebo zao zilisema 30–70 kHz, na kipimo hiki ni 64 kHz, basi kiliingia, ingawa herufi zilikuwa ndogo na picha ikipepesa. Ile ya inchi 15 lebo yake ilisema 30–54 kHz. Haikuwa na ulinzi wa kukataa na kuandika onyo kama zilivyo za baadaye. Msichana aliyekaa pale alisema, "Mwalimu, hii inalia." Ilikuwa inatoa mluzi mwembamba, na picha imechanikachanika kwa mshazari. Mwalimu alichomoa waya wa umeme ukutani. Labda zilipita sekunde 20.

Kesho yake iliwaka taa ya mbele tu. Fundi wa TV wa mtaani aliyeifungua alikuta transista ya mlalo imeshoti. Naitaja kazi yake kwa makusudi: ndani ya chogo kuna umeme wa maelfu ya volti unaoweza kubaki hata baada ya kuchomoa, na mimi si mtu wa kuufungua. Monita ilikuwa nzee na transista hiyo ingeweza kufa kwa sababu nyingine. Hata hivyo ndiyo sehemu inayobeba masafa ya mlalo, na ndiyo niliyoisukuma kupita kikomo chake. Siwezi kuiambia shule kwamba ilikuwa bahati mbaya.

Matokeo

Kwa zile chogo tano nilichagua 1024x768 kwa 75 Hz, kipimo cha VESA chenye kasi ya 78.75 MHz. Masafa yake ya mlalo ni 60 kHz. Cha 85 Hz kingeingia pia, kwa 68.7 kHz chini ya kikomo cha 70, na macho yangekipenda zaidi. Nilikiacha. Baada ya ile ya inchi 15 sikutaka kukiendesha kifaa cha miaka mingi kikiwa kimebakiza kilohezi moja tu kabla ya ukingo wake. Malalamiko ya kichwa kuuma yalikwisha wiki hiyohiyo.

Mtihani ulifanyika kwa mashine 19. Mwanafunzi wa ishirini alipangwa kundi la pili, akasubiri saa moja na nusu nje ya chumba.

Uchambuzi

Kilichofaa zaidi ni kuhesabu baiti za EDID kabla ya kugusa mpangilio wowote, na kuazima kebo moja inayojulikana kuwa nzima. Dakika kumi zilitosha kutenganisha kosa la kebo na kosa la monita, kadi au draiva. Nimewaona mafundi, nami nimo, wakibadilisha mfumo mara tatu kabla ya kupima waya.

Kufuta `/etc/X11` bila kuisoma kuligharimu siku tatu. Sasa ninanakili folda hiyo yote kwenye flashi kabla ya kazi yoyote, hata mteja akisema hakuna cha kuhifadhi. Mteja huzungumzia nyaraka zake. Hajui kwamba humo kuna jasho la fundi mwingine.

Kosa zito ni HorizSync. Mstari ule unapaswa kuieleza monita iliyo mbele ya mashine hiyo. Mimi niliujaza masafa ya monita bapa, kisha nikaunakili mstari uleule kwenye mashine ambazo hauzihusu. Xorg ilikuwa na uwezo wa kuizuia ile 64 kHz isifike kwenye monita ya 54, kama ningeandika 54. Kinga ilikuwepo, nikaizima kwa mkono wangu mwenyewe. Kazi ya kusoma lebo 20 za nyuma na kuzibandika kwenye karatasi ingechukua nusu saa. Tuliifanya baadaye. Sasa kila kompyuta ina kipande cha karatasi kilichoandikwa masafa ya monita yake, na mwalimu amepiga marufuku kuhamisha monita bila kumwambia, kwa sababu mipangilio imekaa kwenye kompyuta na haifuati kioo kikihama.

Muhula uliofuata shule ilinunua kebo sita kamili, zilizopimwa kwa mita dukani kabla ya kulipwa. Tulizifunga kwenye monita bapa na kufuta faili zangu kwenye mashine hizo. Tano zilijitambulisha mara moja. Ya sita ilitoa baiti zake 128, lakini jumla yake haikugawanyika kwa 256 kama inavyotakiwa, maana yake cheti chenyewe kimeharibika ndani ya monita. Hiyo moja nimeirudishia faili, na lebo yake nimeisoma mwenyewe kabla ya kuandika HorizSync.